Chai ya Saa Tisa

Haya nilihadithiwa na Shamima, jirani yangu wa ukuta mmoja, Idi mosi ya mwaka huu, tukimenya vitunguu vya pilau. Nusu aliisikia kwa Yumna, mwenzake wa darasa la msikitini. Nusu aliiona kwa macho yake.

Kikombe cha chai kilikuwa mbele ya Yacoob kikifuka mvuke, na ilikuwa siku ya kumi na moja ya mfungo.

Yacoob ndiye mume wa Yumna. Siku hiyo alikuwa kwenye usaili, ofisini kwa Melvin, meneja wa kampuni ya kutoa mizigo pale bandarini. Walitaka karani wa hati za makontena. Yacoob alikuwa na miezi minane hana kazi, tangu kiwanda chao cha mtaa wa Jacobs kifungwe, na Yumna alikuwa amebakiza wiki sita ajifungue. Mara mbili Yacoob alikwishaitwa kwenye usaili, na mara zote mbili, alipoulizwa kama ana swali, aliuliza habari ya kutoka Ijumaa kwenda kuswali. Wakamwitikia kwa adabu, wakasema watampigia. Anaingoja simu hiyo hadi leo.

Basi safari hii Yumna alimkanya. Asiseme uongo, lakini asijitangaze. Azungumze kazi tu.

Na kazi aliizungumza vizuri. Hati za forodha alizitaja moja moja kama mtu anayetaja majina ya shangazi zake. Melvin, Mkenya wa makamo mwenye tai nyekundu, alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Clementina, mama wa jikoni, akaleta vikombe viwili.

Melvin akakisukuma kimoja mbele.

"Jina lako nimeliona," alisema. "Sina neno nalo. Lakini wenye kampuni hawataki mtu wa masharti. Hapa mteja akija, tunakunywa naye chai. Mimi mwenyewe walinichukua kwa sababu nilikuwa sina masharti."

"Nimeelewa, bosi."

"Basi karibu."

Yacoob akakishika kikombe. Chai ya maziwa, na tangawizi ndani yake, ilimpanda puani mpaka machozi yakamlenga. Akakipuliza. Melvin naye akakipuliza chake. Wakapuliza wote wawili, wakatazamana, wakapuliza tena. Ungedhani wanawasha mkaa.

Simu ikalia. Melvin akaipokea na kuzungusha kiti kuelekea dirishani, akawa anaongea huku akiangalia winchi za gatini.

Kando ya kiti cha Yacoob palikuwa na ua kwenye chungu kikubwa, majani yake ya kahawia. Yacoob hakufikiri mara mbili. Chai yote ikaingia kwenye chungu. Udongo ulikuwa chepechepe tayari, ikachukua muda kuzama, naye akawa anaiombea izame upesi.

Melvin alipogeuka alikuta kikombe kitupu. Alikitazama sana, akameza mate.

"Umemaliza?"

"Imeshuka yote, bosi."

"Eish. Na moto wote ule."

Chake kilikuwa bado kimejaa. Alikisogeza pembeni, akasema simu hizi hazimpi mtu nafasi, halafu akanyoosha mkono. Kazi Yacoob ameipata, aanze Jumatatu.

"Jambo moja," Melvin aliongeza. "Ijumaa, saa sita na nusu mpaka saa nane, mimi nashuka gatini kukagua makontena. Simu nazima. Usinitafute."

Moyo wa Yacoob uliruka. Saa sita na nusu mpaka saa nane! Kama angepewa kalamu achague mwenyewe, asingechagua vingine.

"Sitakutafuta, bosi."

Wakainuka. Melvin alimsindikiza hadi mlangoni, akasimama kidogo kulitazama lile ua. Hajui lina nini, alisema, tangu mwezi uanze linazidi kunyauka, na kulowa linalowa kila siku.

"Labda linalowa kupita kiasi, bosi," Yacoob alisema, akatoka haraka.

Magharibi ilipoingia alifuturu kwa tende na uji, akamsimulia Yumna habari ya chungu. Yumna alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili, akamwambia aache, asije akamzalisha kabla ya siku. Halafu akauliza itakuwaje siku zilizobaki, maana chai italetwa kila siku.

"Chungu kipo," Yacoob alisema. "Ila yule bwana akijua kuwa nafunga, nimekwisha."

Waliporudi kutoka tarawehe walilala mapema, kwa raha ambayo hawakuwa nayo tangu kiwanda kifungwe.

Melvin, kwake, alichelewa kulala. Alimwambia mkewe amepata karani, kijana safi, anazijua hati kuliko yeye. Ila kwa huyo, alisema, itabidi ajichunge zaidi ofisini: Mwislamu wa jina tu, masikini, chai ameimaliza yote mchana kweupe, mtu kama huyo ataitunza siri ya mwenzake? Mkewe, Shamima, alimsikiliza huku akitega saa ya kuwaamsha kula daku. Akazima taa, akalala, na Melvin akageukia ukutani, akalala naye.