Harufu ya Wiki ya Tisa

Kosa ni langu, nakiri mapema. Msusi, jirani yangu wa mlango wa pili, aliponiuliza kama jasho la baiskeli linaweza kunuka vile, nilimjibu linaweza, tena kwa kujiamini, kama niliyesomea majasho.

Basi akarudi kwake na kinyaa chake, akavumilia.

Ratiba ilibandikwa kwenye friji. Wiki kumi na mbili, na mwisho wake safari ya kilomita mia mbili. Jumanne kilomita thelathini, Alhamisi vilima, Jumamosi themanini. Mumewe, karani wa bohari, alitoka na baiskeli saa kumi na moja alfajiri, akaunganisha moja kwa moja kazini. Jioni alirudi na nguo za mazoezi zimefungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki. Alioga nusu saa nzima, kisha akatia alama ya vema kwenye ratiba.

Msusi alizitoa nguo zile kwa kijiti. Alizifua kwa dawa ya kusafishia choo, na mara moja alitapika kabla hajamaliza. Shuka zikanuka, mto ukanuka, mpaka chai ikawa hainyweki. Lakini glavu za baiskeli zilipochanika, zile za vidole wazi, alibana pumzi akazishona kwa uzi wake mwekundu wa kusukia. Ndoa ni ndoa.

Kilichomshangaza ni matairi. Wiki ya tisa, na bado yana vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya la dukani. Mumewe akasema ukinunua kitu bora ndivyo kinavyokaa.

"Baba watoto, chagua," msusi akamwambia. "Baiskeli au kitanda changu. Mimi silali tena na mzoga."

"Nivumilie wiki tatu tu. Mambo yatakaa sawa."

"Sina wiki tatu. Ijumaa ukirudi unanuka, ukalale kwa kaka yako."

Ijumaa mchana, shimo la choo la saluni yake likafurika. Maji meusi yakatambaa hadi chini ya viti. Wateja wakapandisha miguu, vichwa vimesukwa nusu. Msusi akapiga simu, likaja gari la kunyonya majitaka. Dereva alishuka na maneno mengi. Mwenzake, barakoa imempanda hadi chini ya macho na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari. Alivuta bomba, akazama shimoni hadi kiunoni.

Msusi alijiziba pua kwa taulo. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu kama hawa sijui wake zao wanawalaza wapi. Wateja wakacheka. Akaongeza kwamba ndoo zake za kuoshea nywele zisiguswe, wakanawe huko waendako.

Kazi ikaisha. Yule wa barakoa akapanda juu, anachuruzika. Akavua glavu ndefu za mpira. Ndani yake alikuwa amevaa nyingine, za vidole wazi, zimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Taulo likamponyoka msusi.

"Dada," akasema yule mtu taratibu, macho chini, "naomba maji kidogo ya kunawa."