Mwavuli Hauingii

Na wewe ulikuwepo, usikatae. Ulipita geti la mashariki siku ile ya fainali, ukaona miavuli imerundikwa ukutani kama kuni, ukageuza uso, ukaenda kununua maji. Basi leo hugeuki. Sikia.

Aliyekuwa akililinda rundo lile ni Erasmo, mtoto wa Newala, mlinzi wa majaribio. Miezi yake mitatu ilikuwa inaisha jioni ile. Asubuhi msimamizi wake, Benedicto, alimwambia neno moja tu: "Mwavuli mmoja ukionekana kwenye runinga, kesho usije."

Maana uwanja ulikuwa mpya, na paa lilikuwa upande mmoja. Huko waliketi wageni, mapangaboi yakiwapepea. Mashariki, walikoketi watu wa Kitomanga, Kinjumbi na Songo Songo, juu ni mbingu, na jua la alasiri linawapiga usoni. Mchoro uliobandikwa ofisi ya kata miaka sita nyuma ulionyesha paa limezunguka pande zote. Wengine tunaukumbuka mpaka rangi zake. Paa lile liliishia kwenye karatasi, na miavuli ingelisema hilo mbele ya kamera.

Tangu saa nne Erasmo alishakamata mwavuli mmoja ndani ya mkeka uliokunjwa, na mwingine chini ya sufuria ya pilau. Mwenye pilau alikuwa Umi, mama lishe wa Kinjumbi.

"Wee mlinzi, roho yako kama ganda la korosho! Hailiki, na inaunguza!" Umi alimpigia kelele. "Wallahi miavuli itaingia tu, hata kwa jeneza!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Erasmo hakucheka. Neno lile alilihifadhi.

Nyuma ya Umi alisimama Mzee Abilahi wa Kitomanga, kanzu imepigwa pasi, mkononi mwavuli mweusi wa mpini wa mti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huu si wa mvua, mwanangu. Wa jua."

"Mwavuli hauingii, mzee wangu."

Mzee akautazama ule mwavuli, akautoa. "Haya. Mimi nilikuwa winga wa kushoto enzi tunacheza pekupeku. Na jua tunajuana. Ila usije ukaniuzia, nikitoka nitaukuta?"

"Utaukuta."

Erasmo akauegemeza peke yake, mbali na rundo.

Saa kumi mpira ukaanza. Saruji ikawa kikaango. Mara mbili watu walikuja mbio getini kuomba gari la wagonjwa, na mara mbili Benedicto alijibu kwenye redio ya mkononi: gari ni la jukwaa kuu, halisogei mpaka mgeni rasmi aondoke.

Dakika ya sabini Erasmo akaliona. Wanaume wanne, jeneza begani, kitambaa cha kijani juu yake, wanatoka upande wa msikiti na kuja moja kwa moja getini.

Hata kwa jeneza, alisema yule mama.

Akawakazia macho. Walikuwa wanatembea upesi mno. Hakuna bega lililolemewa. Jeneza lilikuwa linarukaruka juu yao. Na kimya. Majirani zake Waislamu wakibeba maiti alishawasikia, njia nzima ni kumtaja Mungu. Hawa midomo wameifunga. Mtu mzima hana wepesi ule, alijiambia. Miavuli inao.

"Simameni hapo hapo!"

Wa mbele alikuwa Haruna, muuza samaki. Hakusimama mpaka goti lilipogusa mnyororo wa geti.

"Tupishe, kijana."

"Mmebeba nini?"

"Toka lini jeneza likaulizwa swali?"

"Na toka lini jeneza likaja kutazama mpira?"

Mmoja wa nyuma akatukana kwa Kimwera. Watu wa nje wakaanza kusogea, wewe ukiwemo, chupa ya maji mkononi. Redio ikakoroma, Benedicto akiwaona kutoka jukwaa kuu: "Erasmo! Hao ni nani? Fungua hilo! Hufungui, vua sare uiache hapo hapo."

Mkono wake ukafika kwenye kitambaa, ukasita. Kwao Newala kila mtu na sanduku lake, na likishapigwa misumari halifunguliwi tena mpaka kiama. Akiwa amekosea, mji huu hautamsamehe. Akiwa amepatia, kesho ana kazi.

"Fungua," Haruna alisema, taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Fungua uridhike, utupishe. Tunachelewa."

Wakalishusha. Erasmo akashika pindo la kitambaa, akavuta.

Mbao. Hakuna mwavuli hata mmoja. Hakuna maiti.

"Mbona... liko tupu," alisema.

"Jeneza la msikiti likienda kuchukua mtu huwa tupu, kijana." Haruna alinyoosha mkono kuelekea ukutani, kule pembeni ya rundo. "Lete mwavuli wa baba, ule wa mpini wa mti, tumkingie jua tukimtoa. Na wewe uliyesimama hapo unatazama, tua hiyo chupa uje uweke bega. Sasa hivi."