Breki za Gari la Kijivu

Gari la kijivu liliingia gereji likivutwa na pikapu kwa mnyororo, na mguu wa kulia wa fundi ukakanyaga sakafu bila kutumwa.

Ulikuwa na mchezo huo tangu miezi mitatu iliyopita. Akiwa mezani anakula, unakanyaga. Akiwa kwa kinyozi, unakanyaga. Unatafuta breki ambayo haipo.

Wateja walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kumaliza kazi siku aliyoahidi. Lakini breki hakuzifanyia mzaha. Gari hili alikwisha kulipima, miezi hiyo mitatu nyuma: diski za mbele zimeliwa na kukonda, pedi zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Akamsihi mwenye gari aliache palepale. Mwenyewe akacheka. "Mwezi ujao, fundi. Bado zinashikashika." Taratibu akampungia mkono. Siku ya tisa gari lile lilimgonga mtoto wa shule kwenye kivuko, akafa hapohapo.

Mwanamke alishuka kwenye pikapu. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na funguo za gari amezishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Taratibu hakuwahi kumwona, lakini mke wa mwenye gari alijulikana kwa kulijali gari kuliko mumewe alivyolijali. Nani mwingine angelileta?

"Karibu, shemeji."

Mwanamke alizitazama zile funguo. "Asante, fundi. Polisi wameliachia jana. Nataka breki."

Mlikuwa wapi siku zote hizo? Swali lilimfika Taratibu kooni, akalimeza. Hata yeye lilimhusu.

Alipandisha gari kwa jeki, akafungua magurudumu ya mbele, akatoa diski za zamani na kuziweka juu ya meza. Mwanamke aliiinua moja.

"Hii ya upande gani?"

"Kushoto."

Akapitisha kidole kwenye mifereji yake, polepole, kama asiyeona anayesoma. Hakuirudisha mezani. Aliendelea kuishika muda wote waliozungumza.

Taratibu akatandaza mpya. "Hizi diski ni nyepesi, wengi ndizo wanazochukua kwa magari ya umri huu. Hizi nyingine ni nzito, zina nafasi za kupitisha hewa katikati, hazipati moto upesi."

"Nzito."

"Pedi nazo ziko za aina mbili. Ngumu zinadumu miaka. Laini zinashika haraka, ila zinaisha mapema. Kwa gari la kutembelea mjini, mimi ningekushauri..."

"Zinazoshika haraka."

"Zitaisha, shemeji. Italazimu kuja kubadilisha kila mara."

"Basi zibadilishwe kila mara." Kisha akauliza: "Likienda kasi ya hamsini, zitalisimamisha kwa hatua ngapi?"

Miaka ishirini kwenye kazi, Taratibu alikuwa ameulizwa kila kitu, hata kama breki zinaweza kuombewa. Hatua hakuwahi kuulizwa.

"Hatua?"

"Zile za zamani zilichukua thelathini na nne. Kutoka kivukoni mpaka liliposimama. Nilizihesabu kwa miguu yangu."

Mguu wa fundi ukakanyaga sakafu. Akainama kazini, na kwa mara ya kwanza maishani akamaliza siku ileile.

Walipeleka gari kwenye njia ya nyuma ya gereji, isiyopita mtu. Taratibu alienda na kurudi mara nyingi akifunga breki kidogokidogo, mpaka pedi zikazoeana na diski. Mwanamke akachora mstari wa chaki barabarani, akasogea ukutani.

Taratibu akaja na hamsini. Alipofika kwenye mstari akakanyaga. Gari likainamisha pua, likasimama. Mwanamke akatembea kutoka kwenye mstari hadi tairi la mbele, midomo ikimcheza.

"Kumi na nane. Rudia."

Akarudia. Kumi na saba.

"Rudia."

Mara ya tatu Taratibu alizima gari, akashuka. Hakuweza tena kukaa na jambo lile moyoni.

"Shemeji, mimi nililiona gari hili kabla. Nilijua hali yake. Ningeweza hata kuzificha funguo."

"Najua. Alisema mwenyewe mahakamani. Alisema ulimwonya."

"Kuonya hakukutosha."

"Hakukutosha," mwanamke alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza fundi zaidi.

Akamnyooshea funguo. Mwanamke hakuzipokea.

"Atakuja mwenyewe kulichukua jioni."

"Vizuri. Mwambie basi, hizi pedi azilete nizitazame kila mwezi."

"Mwambie wewe, fundi. Mimi na yeye hatusemezani."

Taratibu akajaribu kutabasamu. "Mume na mke mnaishi nyumba moja bila kusemezana?"

"Si mume wangu. Ni jirani. Funguo nilimwomba mkewe, akanipa." Mwanamke aliitazama diski ya kushoto mikononi mwake. "Yule mtoto alikuwa wangu. Nimebaki na mdogo wake, na kesho atavuka palepale."