Kioo cha Mizani ya Kambu

Kaloki alirudisha mlango nusu kabla ya kuifungua mizani. Ilikuwa mchana, soko la Emali limejaa, na hakutaka hata mtu mmoja achungulie.

Jumapili angesimikwa kuwa mzee wa kanisa. Jina zuri alikuwa amelijenga miaka kumi na miwili kwa kutengeneza redio na simu za watu, na jina ni kama gilasi, likianguka huokoti. Mtu akiona kilichomo ndani ya mizani hii, basi, kwisha.

Mwenye mizani alisimama karibu mno. Alijitambulisha kuwa Ndunge, mnunuzi mpya wa ndengu kule Kambu.

"Niliuziwa na Mwau akiacha hiyo kazi," alisema. "Sasa screen inaandika namba nusu. Nane inakaa tatu. Na wakulima wananingoja hapo kwa pickup, fundi."

"Itaisha sasa hivi, mama."

Alifungua skrubu nne. Chini ya saketi palikuwa na kidude kidogo kama punje ya haragwe, kimeungwa kwa nyaya mbili nyekundu ambazo kiwanda hakikuziweka. Fundi yeyote angekishtukia. Mwizi wa mizani haji usiku na panga; huja mchana, akakupimia, na wewe ukamshukuru.

Kaloki alikiona. Ndunge naye alimwona akikiona.

"Kuna kitu ingine umepata huko ndani?" aliuliza polepole.

Jasho lilimtoka Kaloki kwenye paji. Angeweza kusema. Aliogopa, na woga ukamshinda.

"Ni waya wa screen tu, mama. Umeshika kutu."

Alisugua ncha za waya kwa spiriti, akaurudisha mahali pake. Kile kidude akakipiga tepu nyeusi kisichezecheze. Nje, dereva wa pickup alipiga honi. Ndunge hakugeuka. Wala hakuangalia kioo cha namba. Macho yake yalikuwa kwenye mikono ya fundi.

Kaloki aliweka juu ya mizani jiwe lake la kupimia, la kilo ishirini. Namba ziliwaka zote, safi: ishirini. Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akavishikilia, akavuta pumzi mara tatu. Namba zikatetemeka, zikashuka hadi kumi na saba. Bora irudi Kambu ikipima ilivyozoea kupima, mtu asije kuuliza imebadilishwa na nani.

"Sasa iko sawa," alisema bila kumtazama usoni. Alitaka mwanamke huyu na mzigo wake waondoke. Aliondoa jiwe, akaisukuma mizani upande wa pili wa meza. "Beba, mama. Watu wasikungoje."

Ndunge hakuigusa.

"Mwau alikataa kututajia nani alimwekea hako kadude," alisema. "Wewe ni fundi wa sita. Hao watano wengine walifungua, wakaniuliza ni ka nini. Hakuna hata mmoja alijua hizo button."

Akaufungua mlango wote, akawaita wakulima waliokuwa kwenye pickup.

"Kujeni. Ni huyu."