Kiapo cha Mlangoni

Jumatatu, tarehe 4 Machi 2069, mashine ya mlangoni ilimuuliza Bi Tunu swali linaloulizwa kila asubuhi katika nyumba za mafundi wa ndege: "Mwanao amelala vya kutosha?"

Zuberi, aliyekesha akimbembeleza bintiye mwenye homa, alimkonyeza mama yake. "Mama, apa tu kwamba nimelala. Leo napimwa kuwa fundi mkuu."

"Hajalala," alisema Bi Tunu. Mlango ukajifunga.

"Mama, umeniponza!"

"Kalale, baba. Ndege nayo ina watoto wa watu."

Alimfunika shuka kama alivyomfunika utotoni, akatabasamu. Ndipo akamkumbuka Kibwana, fundi mwenzake Zuberi, atakayeshika spana badala yake. Kibwana anaishi peke yake. Anayemwapia ni mto wake wa kulalia wa umeme, nao haujawahi kusema hapana.

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani, hasa anayelala peke yake.