Jua la Chumba cha Mavyaa

Siku hizo kila nyumba ilipewa mgao wake wa jua, na ukishaugawa vyumbani haubadilishwi kwa miaka kumi. Mghoi alitaka ghala lake la chini ya ardhi liwe sebule.

"Jua nilitoe chumba kipi?" fundi alimuuliza.

"Cha mavyaa yangu. Haoni, lamfaa nini?"

Ghala likang'aa. Jumapili, wageni wakiwa katikati ya kulisifia, bibi kizee akateremka ngazi akipapasa ukuta. Alipofika chini aliinua uso, akatabasamu.

"Kumbe jua liko huku! Mwanangu, mimi hulisubiri dirishani liniguse mashavu, ndipo nijue kumekucha. Wiki nzima halikuja. Nikadhani nimekukosea, nikaona haya kuuliza. Kumbe ulikuwa unanitengenezea chumba!"

Wageni wakatazama makochi mapya, kisha wakainamia vikombe vyao. Mghoi uso ulimwaka.

"Ndiyo, mama," akasema.

Walipoondoka, alisukuma makochi nje, akateremsha kitanda cha mavyaa peke yake, ubao kwa ubao. Bibi alikaa penye joto akimwombea dua, na kila "Mungu akuzidishie" Mghoi aliitikia "amina" akiwa amempa mgongo.