Mbwa Asiyekuja Akiitwa

Ambakisye alichuchumaa uani akiwa na kipande cha nyama mkononi, akaita, "Jimi! Njoo hapa!"

Mbwa alibaki pale getini, mkia kaufyata. Tangu asubuhi mzee alikuwa akimfundisha kuja akiitwa, lakini kila alivyoita ndivyo mbwa alivyozidi kurudi nyuma.

"Mjinga kabisa huyu," alimwambia binti yake Tunsume, aliyekuja kumsalimia baada ya kupotea miaka mingi. "Nyama anaiona, na bado haji."

Tunsume alikuwa akianika nguo. "Baba, siku zote ulikuwa unamwitia nini?"

Ambakisye alianza kukumbuka. Alikuwa akimwita anapokuta kiatu kimetafunwa au kuku kajeruhiwa, na fimbo alikuwa nayo tayari.

"Hata mimi ukiniita nilikuwa nakimbilia chini ya kitanda," Tunsume alisema taratibu, bila kugeuka. "Mpaka leo nikiona umenipigia simu, moyo unanienda mbio."

Mzee aliutazama mgongo wa mwanawe. Alitaka kumwomba radhi. Akaiweka nyama chini, akaketi mavumbini, mikono mitupu juu ya magoti.

"Njoo, mwanangu," aliita kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuisikia.

Mbwa akainua sikio moja. Tunsume naye akaacha kuanika, shuka bichi likimchuruzikia miguuni.